Wabaya wa Alhamisi

Huku Kayole tulikuwa na mtu aliyejua kumuumba mbaya wa katuni kuliko yeyote niliyewahi kumwona, lakini akishamuumba hakujua kabisa amfanyie nini. Tulimwita Mchoraji. Jina lake la kitambulisho nililisikia mara moja, likaniponyoka, na sikulitafuta tena. Miaka yote tulimwomba kitu kimoja tu, atupe mwisho wa kueleweka, hata mmoja. Siku aliyotupa kulikuwa na mtu mwingine aliyekaribia kuuawa, na Mchoraji mwenyewe akaondoka mtaani ameubeba mkono wake wa kulia ndani ya ule wa kushoto kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe. Huko nitafika. Mimi ni mtu wa kuzunguka, wanangu wanasema nikitumwa chumvi narudi na habari za mwenye duka.

Kazi yake ya kula ilikuwa kuandika mabango. Bucha yenye ng'ombe anayetabasamu kama hajui yuko wapi, huo ulikuwa mkono wake. Vile vichwa vya wanaume kwenye kuta za vinyozi, shingo ndefu, jicho moja kubwa kuliko mwenzake, hivyo pia ni vyake. Wenye ploti za kupangisha walimwita awaandikie namba milangoni, akapanda ngazi za watu na kopo lake la rangi nyeupe, na ndiyo maana hapakuwa na nyumba katika upande wetu wa nyuma ya Spine Road ambayo hakuujua mlango wake. Jambo hilo lilikuja kumgharimu. Au lilikuja kumfaa, mpaka leo sijui nitumie neno gani.

Lakini watu hawakumjua kwa ng'ombe. Walimjua kwa Alhamisi. Sisi maji yetu hutoka Alhamisi, yakikosa siku hiyo basi ni wiki ijayo, na kibanda cha maji kilikuwa mbele ya pale ninapouzia makaa. Kibanda kilikuwa cha mama mmoja tuliyemwita Mama Maji, mkono mmoja kwenye mpira wa maji na mwingine kiunoni, na sijaona mwanamume aliyeruka foleni yake akabaki na heshima. Asubuhi ya Alhamisi Mchoraji alifika na karatasi moja kubwa, amechora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, akaibandika kwenye ukuta wa kibanda kwa uji wa ngano, akaondoka bila kugeuka. Foleni ikasoma. Wa mbele waliwasomea wa nyuma. Mimi nilisoma polepole kwa sababu shule niliiachia darasa la nne, na kusoma kwangu kulikobaki nilikumalizia kwenye ukuta ule.

Shujaa alikuwa naye, kijana fulani wa kofia, lakini hakuna aliyemjali. Hata jina alimbadilishia akisahau. Wabaya ndio walikuwa watu. Alikuwa na mmoja aliyeitwa Mpangaji wa Mwisho. Huyu alihamia jengo lolote lenye chumba kimoja kitupu. Hapigi mtu, hatukani, salamu anaitikia vizuri. Lakini majirani wanaanza kukosa usingizi, mmoja anahama, mwingine anahama, mpaka jengo zima linabaki lake peke yake, ghorofa sita, na kila dirisha taa inawaka. Ukurasa ule wa taa niliutazama nikasahau mteja wangu amesimama. Vijana walisema, "Buda, huyu msee ni noma," yaani huyu jamaa anatisha. Tukangoja Alhamisi. Alhamisi ikafika, Mpangaji wa Mwisho akapigwa na radi. Hivyo tu, kwa picha tatu. Hata mawingu hayakuwa yamechorwa.

Kulikuwa na Fundi wa Vipimo, mshonaji mwenye utepe wa kupimia shingoni. Akikupima bega, hilo bega linapungua kwa kile alichopima, na suti anayokushonea inakutosha sawasawa, kwa hiyo hujui. Wateja wake walitoka dukani wakimshukuru, kila mmoja mdogo kuliko alivyoingia. Alikimbizwa na mbwa akaanguka mtaroni.

Na kulikuwa na Bibi wa Kwaheri. Huyu alichukua neno la mwisho ulilomwambia mtu wako mkiachana. Ukimwambia mtoto "kaa vizuri," ukaenda kazini, neno hilo si lako tena, ni lake. Baadaye mtoto anasikia nje ya mlango sauti yako mwenyewe ikisema kaa vizuri, kaa vizuri, na mlango unasukumwa. Wiki ile niliona akina mama wanaagana na watoto wao kwa kutikisa kichwa tu, bila kusema. Watu wazima, na mitungi mikononi. Alhamisi iliyofuata Bibi wa Kwaheri alikunywa soda baridi, koo likamkauka, sauti ikapotea, hadithi ikaisha.

Hiyo soda ilinikasirisha. Nilimfuata hadi pale alipokuwa akiandika bei za nyama.

"Yule mama angemaliza Nairobi nzima," nikamwambia. "Wewe unampa soda?"

"Alikuwa ameshafika mlangoni, mzee. Akiingia, anaingia kufanya nini?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye unamchora."

"Basi tusiojua tuko wawili," akasema, akaendelea na bei ya matumbo.

Ndivyo alivyokuwa. Kwake mbaya akishasema anachotaka, anakuwa mtu wa kawaida mwenye shida zake, na watu wa shida wamejaa kwenye ngazi za jengo lake, hana haja ya kuwachora. Kwa hiyo alikataa kuwapa wabaya wake haja yoyote. Wakafika wakiwa wakubwa, wakasimama, wakakosa la kufanya, akaona aibu kuwaacha wamesimama, akawaua kwa radi. Mama Maji alisema huyu ni kama mtu anayeita wageni na hajapika. Mchoraji alicheka aliposikia, lakini niliona limemwingia.

Wacha niseme pia ya kumfaa, maana ukisikia hivi utadhani alikuwa mtu wa kiza. Hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Krismasi walipochinja kwenye ploti yao alitoka akatembea hadi mtaa wa Umoja na kurudi, na akirudi aliuliza kwanza kama wamemaliza. Kanisani alikaa karibu na mlango na aliimba sauti ya chini nzuri sana, ile inayotetemesha benchi. Aliwahi kumuuliza katekista, mbele ya watu, kwa nini shetani akapewa maneno machache hivyo, na katekista akasema hayo yanatosha. Chai alikunywa bila sukari na bila maziwa, kisha akalalamika kwamba haina ladha.

Na aliwaogopa wabaya wake mwenyewe. Niliingia chumbani mwake mara moja, mchana, kumpelekea makaa alipokuwa na homa. Kuta zote zilikuwa na karatasi zake za zamani, lakini zote zimegeuzwa, picha zinatazama ukuta, sisi tunatazama ng'ombe na milima ya kalenda. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hawa watu hajawapa kazi, na mtu asiye na kazi anabaki kukutazama. Hakusema kwa mzaha. Nilimwachia makaa mlangoni nikaenda zangu, na kusema kweli nilitembea haraka.

Sasa, kuchora kwake kulianza na viatu. Kila mbaya alianza kwa viatu, akapanda juu, na uso ukaja mwisho kama ulikuja. Alisema uso anaweza kuubuni lakini kiatu ni lazima akione. Alivipata wapi? Kwenye milango yetu. Huku kwetu kwenye ghorofa mtu huvua viatu nje, kwa hiyo ukipita kwenye varanda unajua nani yuko, nani ametoka na nani ana mgeni, hata hujabisha. Mchoraji alipita na kopo la rangi, akatazama viatu, akavibeba kichwani. Viatu vya Mpangaji wa Mwisho vilikuwa vya mwalimu mmoja wa chekechea, mama mpole kabisa, akachekwa kidogo yakaisha. Yeye hakuona ubaya. Kwake kilikuwa kiatu. Hakukumbuka kwamba sisi tusiojuana kwa majina tunajuana kwa viatu.

Ndipo akaja Mwenye Funguo.

Mwenye Funguo alikuwa na ufunguo wa kila nyumba. Watu wakienda kazini yeye huingia. Haibi. Anasogeza kitu kimoja tu. Kikombe kinatoka kushoto kinaenda kulia. Picha ya arusi inatazama ukuta. Anafunga, anaondoka. Jioni mke anamuuliza mume nani ameshika picha, mume anasema si mimi, na mke anajua si yeye, kwa hiyo mume anadanganya. Mwenye Funguo anapita kwenye ngazi akisikia nyumba zinavyoanza kugombana, moja baada ya nyingine, na yeye anafagia. Uso wake haukuchorwa. Tuliona mgongo, pete ya funguo, na viatu. Viatu vilikuwa gambuti zilizokatwa kwenye kifundo, moja ina kiraka chekundu cha tyubu ya baiskeli.

Gambuti hizo tulizijua wote. Zilikuwa za keateka, yaani mtunzaji, wa lile jengo la ghorofa sita linalotazamana na kibanda.

Huyu keateka alikuwa mtu wa makamo, mkimya, alifagia ngazi, aliwasha pampu, na funguo zote za vyumba zilikuwa kwenye waya kiunoni mwake. Siku ya maji alikuwa akijaza tangi la jengo, hakupanga foleni, lakini kila Alhamisi alisimama kando, mikono nyuma, akasoma hadi mwisho. Siku alipoona viatu vyake ukutani alivitazama vya ukutani, akavitazama vya miguuni, akatabasamu kidogo kama mtu aliyetajwa redioni. Vijana wakaanza. "Niaje Funguo, leo umesogeza nini?" Naye akasema, "Nimesogeza taka zenu."

Tukacheka. Wiki ya pili na ya tatu tulikuwa bado tunacheka, na zaidi ya hapo tulifurahi, kwa sababu Mwenye Funguo hakufa. Hakupigwa na radi. Alhamisi baada ya Alhamisi aliendelea, na kila ukurasa ulikuwa mbaya kuliko wa wiki iliyotangulia, na Mchoraji alikonda akawa na macho ya mtu anayepanda mlima. Nilimwambia sasa umepata.

Kisha mama mmoja wa ghorofa ya tatu akasema kwenye foleni kwamba thamosi yake ameikuta chini ya meza. Alisema akicheka. Mwingine hakucheka, alisema Biblia yake ilikuwa mezani na ameikuta kitandani. Wa tatu, picha ya marehemu mama yake imegeuzwa. Nani hasahau alipoweka thamosi? Mimi mwenyewe miwani huitafuta ikiwa puani. Lakini mtu akishasikia jambo, nyumba yake inabadilika. Watu walianza kuweka alama, uzi kwenye kitasa, unga kidogo kwenye kizingiti. Mume na mke wa ghorofa ya pili, waliokuwa wakienda kanisani wameshikana mikono, wakaacha kuongea, na baadaye mke akarudi kwao. Salamu ya vijana kwa keateka ikaisha. Alipopita, watu walinyamaza na kutazama kiuno chake.

Nilimwendea Mchoraji. Nikamwambia mmalize huyu mtu, watu wameanza kuchanganya ukuta na jengo.

"Mpe soda," nikasema. "Safari hii sitakulaumu."

"Siwezi, mzee. Huyu ndiye wa kwanza anayetembea mwenyewe. Nikikaa kuchora namkuta ameshaenda mbele."

"Kuna binadamu mle ndani ya zile gambuti."

"Najua," akasema. "Acha nitafute mwisho ambao wataukubali. Nikiwapa wa kijinga watasema namficha."

Kwa hilo alikuwa sawa, na ndilo lililonitia hofu.

Alhamisi yenyewe maji yalitoka mapema, foleni imejaa. Mama mmoja kijana wa ghorofa ya nne alikuwa amemlaza mtoto wake mchanga kitandani, akafunga mlango, akashuka na mitungi miwili. Aliporudi akamkuta mtoto kwenye mkeka, chini, amelala, hana hata alama. Mlango ulikuwa umefungwa kama alivyouacha. Mtoto hujiviringisha, ndiyo. Lakini huyu hakuwa wa umri wa kujiviringisha, na chini yake palikuwa pametandikwa shuka vizuri. Yule mama hakulia. Alishuka ngazi na mtoto kifuani, akasimama katikati ya foleni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Amemsogeza mtoto wangu."

Mitungi ikawekwa chini. Keateka alikuwa kwenye kijumba chake cha chini ya ngazi, akajifungia, na watu wakakizunguka wakigonga bati. Nikaona tairi linaviringishwa kutoka upande wa gereji. Mtu wa Nairobi akiona tairi limeletwa na gari haliko, haulizi, anajua kuna mtu wa kuchomwa.

Hapo ndipo Mchoraji alipofika, karatasi ya wiki ile kwapani, na gundi yake kwenye kopo. Wakamshika. Wakamwambia huyu unamjua, umetuonyesha kila anachofanya kabla hajafanya, sasa utuambie anataka nini. Akasema hajui. Akasema tena hajui, ni katuni, viatu ni viatu tu. Na nilimwona vile maneno yale yalivyokuwa yakimchoma yule mtu ndani ya kijumba badala ya kumsaidia, kwa sababu mtu anayeingia kwako kila siku na hakuna anachotaka ndiye wa kuogopwa kuliko wote. Mwizi ungemwelewa. Bati likaanza kung'oka.

Mchoraji akanigeukia mimi. Akainama kwenye gunia langu akachukua kipande cha kaa. Akaenda kwenye ukuta wa kibanda, akachora viatu, haraka, kisha akapanda, suruali, waya wa funguo, mabega. Watu wakapunguza kelele, kwa mazoea tu, yale ya kusoma. Akafika kwenye uso. Tulikuwa tumeungoja wiki nyingi. Akachora paji pana, masikio yaliyotoka nje, pengo la jino la mbele. Tukatazama ukuta, tukamtazama yeye.

"Ni mimi," akasema. "Milango yenu nimeiandika yote kwa mkono wangu. Mwacheni huyo."

Mama Maji ndiye aliyeuliza, mpira bado mkononi. "Ulikuwa unataka nini?"

"Mrudi kila Alhamisi. Mimi sina hadithi, nyote mnajua. Niliitafuta kwenu."

Nitasema jambo ambalo si zuri. Ulikuwa mwisho bora kuliko yote aliyowahi kutupa. Kila kitu kilikaa mahali pake, thamosi, Biblia, mume na mke, yote yakaeleweka mara moja, na nikaona kwenye nyuso za watu ile raha ya hadithi iliyoisha vizuri. Raha hiyo ilikaa kidogo tu. Kisha wakamrukia.

Sitaeleza sana. Mtu mmoja alikanyaga ule mkono wenye kaa, akaukanyaga tena akijua. Tairi likageuzwa njia. Kilichomwokoa ni Mama Maji. Hakupiga kelele, hakuomba. Aliufungua mpira wote akawamwagia, akaendelea kumwaga, maji yakateremka barabarani, maji ya wiki nzima, na akatangaza kwamba tangi likiisha limeisha. Mtu anaweza kuwa ameshika jiwe, lakini akiona maji ya Alhamisi yanaingia mtaroni, mkono unakumbuka mtungi. Mmoja akakimbilia mtungi wake, wa pili, halafu wote. Watu wakiwa wanakinga ule mto, Mchoraji alitambaa nyuma ya magunia yangu, nikamfunika, na baadaye mtu wa mkokoteni akamtoa kama mzigo.

Kijumba cha chini ya ngazi kilifunguliwa kesho yake, keateka hayuko. Funguo zilikuwa zimetundikwa ndani, kila moja mahali pake. Na vitu viliacha kusogea. Tangu siku ile hakuna thamosi iliyohama katika jengo lile, na watu wakasema basi, ilikuwa kweli, alikuwa Mchoraji. Mama Maji alipaka chokaa juu ya ule uso. Ukitazama wakati jua limelala upande, pengo la jino linaonekana bado.

Mimi sikuamini. Nilimjua, mtu asiyeweza kuona kuku. Kila nilipopita chini ya lile jengo nilijiambia huyu mtu alitoa mkono wake kwa ajili ya jirani asiye na kosa, na hakuna anayejua ila mimi. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilitaka aisikie kwa mtu kabla hatujafa.

Mwaka huu, baada ya mvua, nilikwenda Mukuru kwa Njenga kutafuta mtu wa kuniletea makaa kwa sababu wa kwangu amezeeka kuliko mimi. Nikipita kwenye vibanda karibu na viwanda nikasikia mtu akiimba sauti ya chini, nikasimama. Alikuwa akiuza githeri ya mahindi na maharagwe, sufuria kubwa kwenye jiko, akipakua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala pajani, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu kidogo. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinitazama viatu kwanza.

"Mzee wa Makaa," akasema. "Bado unatembea na hivyo viatu?"

Akanipa benchi, akanipa sahani, akakataa pesa. Tukataja nani amekufa na nani amejenga. Nikala. Kisha nikamwambia nina swali, akasema alijua tangu nilipokaa.

"Uliingia kwenye zile nyumba?"

"Sijawahi kushika hata kijiko cha mtu."

Moyo wangu ukatulia. Nikaanza yale niliyoyabeba miaka yote, kwamba alimwokoa mtu asiye na hatia, kwamba Mungu ameona. Akaninyamazisha kwa upawa.

"Alikuja hapa," akasema.

Keateka alimtafuta akampata, Jumapili moja mchana, baada ya kanisa. Alileta pakiti ya unga na sukari, akakaa kwenye benchi hii niliyokalia. Alikuwa na viatu vipya. Akashukuru sana, kama mtu wa heshima. Halafu akamwambia, bila kushusha sauti, kwamba alikuwa yeye. Kwamba siku ile alipoona gambuti zake ukutani alihisi amejulikana kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akapanda ngazi, akafungua mlango wa ghorofa ya tatu, akaweka thamosi chini ya meza.

Niliweka sahani yangu chini.

"Mtoto je?"

"Mtoto pia. Alisema alimtandikia shuka kwanza, asipate baridi."

Mteja akaja, fundi wa mtambo na ovaroli yake, Mchoraji akampakulia, akamwongezea pilipili, wakataniana. Nilingoja. Jua lilikuwa kali na bado nilihisi mgongo wangu uko wazi.

"Nikamuuliza lile swali lenu," akasema mteja alipoondoka. "Ulikuwa unataka nini? Akaniambia hajui. Alikuwa akija kila Alhamisi kusoma anataka nini."

"Yuko wapi sasa?"

"Umoja. Jengo jipya, kubwa kuliko lile. Wamempa funguo zote, wanasema ni mtu msafi."

Nikamwambia ni lazima aseme. Akauliza aseme kwa nani, na kwa uso upi, ule waliouona ukutani? Watu walipata mwisho wakauamini. Nani ataurudisha? Alikoroga sufuria polepole, kwa ule mkono usio wake.

"Aliniomba nimwambie kinachofuata," akasema. "Anasema tangu niache kuchora amekaa tu na funguo mkononi, anangoja. Nikampa mwisho, mzee. Mwisho mzuri, wa utulivu. Nikamwambia anaziweka funguo mezani kwa mwenye jengo, anapanda gari, anarudi kwao kulima."

"Akasemaje?"

"Aliufikiria sana. Alikaa hapo mpaka sufuria ikaisha. Halafu akasema hapana, huo haujamridhisha, nimtafutie mwingine."

"Na umeupata?"

Alitazama kule njia inakotokea, ile ambayo ningerudi nayo, watu wengi wakija na viatu vyao vya kila aina.

"Bado," akasema. "Na anakuja Jumapili."